Kuigiza PS2 Ndani ya Kompyuta ya Mtumba

Kuigiza mashine ya gemu ndani ya kompyuta ni kuifanya kompyuta ijifanye kitu ambacho siyo. Programu inayofanya kazi hiyo, emuleta, huchukua diski iliyoandikwa kwa ajili ya PlayStation 2 (PS2) au PSP, ile PlayStation ya mkononi, husoma amri zilizomo, kisha huzitafsiri kwa lugha inayoeleweka na prosesa ya kompyuta. Gemu yenyewe haijui kama imehamishwa nyumba. Inauliza padi iko wapi, inajibiwa; inaomba kadi ya kumbukumbu, inapewa faili; inatuma picha kwenye televisheni ambayo haipo, na emuleta inaidaka picha hiyo na kuichora kwenye skrini. Majibu hayo yanatakiwa yawe sahihi na yafike kwa wakati. Kwenye usahihi emuleta za leo zimefika mbali. Kwenye wakati ndiko kompyuta nyingi zinakoaibika.

Kandokando ya Ziwa Victoria suala hili limeingia kwa mlango wa biashara. PS2 ndiyo iliyolea vibanda vya gemu, na Sony iliacha kuitengeneza Januari 2013. Gemu za mpira za mwisho kutolewa kwa ajili yake, FIFA 14 na PES 2014, ni za mwaka huohuo. Kila PS2 iliyopo kibandani leo, basi, ina zaidi ya miaka kumi: lenzi imechoka, diski zimechubuka, na fundi anayeijua anazidi kuwa adimu. Kigongo, wilayani Misungwi, ni mahali ambapo kwa miaka mingi magari na abiria wa Sengerema na Geita walipanga foleni wakisubiri kivuko cha kwenda Busisi, na mtu anayesubiri ni mteja wa kila kitu. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa, na sasa gari linavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache bila kusimama. Mwenye kibanda cha gemu upande wowote wa maji anabaki na wateja wa mtaani kwake: vijana wanaoijua PES kuliko yeye, na wasiovumilia mchezo unaokwama dakika ya 89.

Desktop ya mtumba kutoka Mwanza mjini inaonekana kuwa dawa. Haina lenzi ya kuchoka, gemu thelathini zinakaa kwenye diski ngumu moja, na jioni inaweza kuchapa barua za watu. Dawa hiyo inafanya kazi, ila si kwa kila kompyuta na si kwa kila gemu, na tofauti haionekani kwa kutazama kasha.

Hesabu inayowadanganya wengi huanzia kwenye kasi ya prosesa. Prosesa ya PS2, iliyopewa jina la Emotion Engine, huenda kwa megahezi 294.9. Desktop ya kawaida ya mtumba huenda kwa gigahezi 3.2, yaani karibu mara kumi na moja zaidi. Mara kumi na moja ingetosha na chenji ikabaki, kama PS2 ingekuwa na prosesa moja tu. Lakini ndani ya Emotion Engine mna vitengo viwili vya mahesabu ya picha, VU0 na VU1, ambavyo hufanya kazi sambamba na prosesa kuu. Nje yake kuna chipu ya kuchora, Graphics Synthesizer, yenye mwendo wake wa megahezi 147 na kumbukumbu yake ya megabaiti 4 iliyo ndani ya chipu hiyohiyo. Kuna chipu ya sauti. Kuna pia prosesa ya PlayStation ya kwanza, iliyobakizwa ndani ya PS2 ili isimamie padi, diski na kadi za kumbukumbu. Vyote hivi hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja na mwendo wake, vikisubiriana na kupokezana.

Emuleta ni kama mvuvi mmoja mwenye mbio aliyepewa kazi ya watu sita kwenye mtumbwi wa dagaa. Anavuta wavu, anakimbilia kasia, anarudi kwenye taa, anachota maji yaliyoingia. Ana mbio kuliko yeyote kati ya wale sita, lakini wavu hauvutwi na mtu aliye kwenye taa, na akichelewa kurudi samaki wamekwenda. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kazi zisigawiwe kwa viini vyote vya prosesa, kwa kuwa siku hizi prosesa ina vinne, sita au vinane. Sababu ni kwamba vitengo vya PS2 hupeana taarifa mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na kiini kinachomsubiri mwenzake ni sawa na kiini kilicholala. PCSX2, emuleta kuu ya PS2, hugawa mzigo mkubwa katika mafungu matatu tu: prosesa kuu, uchoraji, na VU1 mtumiaji anapoiruhusu ijitegemee. Prosesa yenye viini vinane vilivyo dhaifu haina msaada hapo. Kinachotakiwa ni viini vichache ambavyo kila kimoja kina nguvu.

Wakati wenyewe ni mfupi sana. Diski ya PAL, uliokuwa mfumo wa televisheni wa Tanzania enzi za analojia, hutaka picha 50 kila sekunde. Kila picha ina milisekunde 20 za kukamilika. Diski ya NTSC ya Marekani hutaka karibu 60, na bajeti inashuka hadi milisekunde 16.7. Kompyuta ikitumia milisekunde 25 kwa picha moja ya diski ya PAL, sekunde moja inapata picha 40 badala ya 50, na gemu nzima hutembea kwa asilimia 80 ya mwendo wake. Katika gemu iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta, mashine dhaifu huruka picha na saa ya mchezo inaendelea kama kawaida. Katika emuleta saa ya mchezo nayo hupungua kasi, maana ni sehemu ya mashine inayoigizwa. Mechi ya dakika 10 inakwisha baada ya dakika 12 na nusu. Kwa anayetoza kwa mechi, hiyo ni sehemu moja ya tano ya muda wake inayokwenda bure, mbali na sauti ya mtangazaji inayokatakata kama redio yenye betri za kuisha.

Kutafsiri amri nako kuna namna mbili. Ya kwanza ni kufasiri kila amri inapokutwa, hata kama imeshakutwa mara elfu moja. Ni salama, na ni polepole kiasi cha kutochezeka. Ya pili ni kuchukua kipande kizima cha amri, kukitafsiri mara moja, kuhifadhi tafsiri, na kuitumia tena kila kipande hicho kinaporudi. Emuleta zote za maana za PS2 na PSP hutumia njia ya pili, na hapo ndipo maelezo ya tatizo moja linalowashangaza watumiaji wapya yanapopatikana: gemu inakwamakwama dakika za kwanza, halafu inalainika yenyewe. Tafsiri inakuwa imeshahifadhiwa. Hali hiyo hutokea pia upande wa kadi ya picha, ambako vijiprogramu vya kuchora huandaliwa mara ya kwanza kila athari mpya inapoonekana. Ni vizuri gemu mpya ichezwe mechi mbili tatu kabla ya mteja kuketi, na si kukimbilia kubadili mipangilio.

Kuna ugumu mwingine ambao hautatuliwi na nguvu ya kompyuta hata kidogo. Ni hesabu ya desimali. Kompyuta hufuata kanuni ya kimataifa ambayo ndani yake kuna namba za kawaida, kuna thamani isiyo na ukomo, na kuna alama maalumu ya jibu ambalo si namba, kwa mfano sifuri ikigawanywa kwa sifuri. Wabunifu wa PS2 waliziacha hizo mbili za mwisho ili kuokoa muda. Namba ikizidi kikomo, PS2 huishikilia kwenye kubwa kuliko zote na kuendelea na kazi. PS2 pia hukata desimali inayozidi kwa kuitupa, wakati kompyuta kwa kawaida huizungusha kwenda kwenye namba iliyo karibu. Tofauti ni ndogo sana kwenye hesabu moja. Katika gemu inayopiga hesabu kama hizo mamilioni kwa sekunde, na kutumia jibu la moja kwenye inayofuata, matokeo yake huonekana kwa macho: pembe za umbo la mchezaji huchomoza kwenye skrini kama miiba ya sangara, au gari linaloendeshwa na mashine hugonga ukuta uleule kila mzunguko. PCSX2 ina mipangilio ya kubana namba na ya kuchagua namna ya kukata desimali kwa ajili hiyo, na ina orodha ya ndani inayotambua gemu kwa namba yake ya usajili na kuweka marekebisho yanayoifaa bila kuulizwa.

Orodha hiyo ni sababu nzuri ya kutumia diski halisi badala ya zile zilizochezewa. Gemu za mpira zinazozunguka mitaani nyingi zimebadilishwa jezi, majina ya wachezaji na hata muziki, na baadhi hazifanani tena na ile gemu iliyopimwa na waandishi wa emuleta. Viraka vya marekebisho hufuata alama ya faili kuu la gemu. Faili hilo likibadilishwa, alama inabadilika na kiraka hakishiki. Mtu anaweza kukaa wiki nzima akilaumu kompyuta wakati mwenye makosa ni aliyebandika jezi.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo wengi hulisahau: je, gemu inayotakiwa haikutolewa kwa ajili ya kompyuta yenyewe? PES 2013, kipenzi cha vibanda, ilitolewa pia kwa kompyuta, na katika sura hiyo haihitaji emuleta wala tafsiri. Kompyuta ambayo ingehemea PES ya PS2 huicheza PES ya kompyuta kwa utulivu, na picha ni nzuri zaidi. Kuigiza ni kwa ajili ya kile kisichopatikana kwa njia nyingine. Anayeiweka emuleta kwa ajili ya mpira peke yake mara nyingi amechagua njia ya mzunguko, kama anayekwenda Sengerema kwa kulizunguka ziwa.

Mashine nazo hazilingani kwa ugumu. Gemu za kaseti za miaka ya nyuma, zile zilizouzwa kwenye vimashine vya kuigiza Famicom ya Nintendo, hutumia prosesa ya megahezi 1.79 na huchezeka kwenye kompyuta yoyote iliyo hai. Kinachokosekana ni bunduki ya kupigia bata, kwa kuwa ilitegemea namna televisheni ya kichogo inavyochora mstari kwa mstari. Kwenye skrini bapa haioni kitu, na emuleta huweka kipanya mahali pake. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994 ikiwa na prosesa ya megahezi 33.9, nayo ni nyepesi. Tahadhari yake moja ni kwamba diski zake huhifadhiwa kwa mafaili mawili, kubwa la data na dogo linaloeleza mpangilio wa nyimbo. Anayenakili lile kubwa peke yake anapata gemu isiyo na muziki, au isiyowaka kabisa.

PSP ndiyo pa kuanzia kwa mwenye kompyuta ya kawaida. Prosesa yake inafika megahezi 333, juu kidogo ya PS2, lakini muundo wake ni rahisi zaidi, na emuleta yake, PPSSPP, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Novemba 2012 na Henrik Rydgård, imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Badala ya kuigiza mfumo wa ndani wa PSP amri kwa amri, PPSSPP huusoma mwito wa gemu na kuujibu moja kwa moja kwa kazi za kompyuta. Gemu ikisema "fungua faili hili", emuleta haiigizi namna PSP inavyofungua faili, inalifungua tu. Kwa njia hiyo mzigo unapungua, simu nyingi za kawaida zinaimudu, na hakuna haja ya baiosi, yaani programu ya msingi inayokaa ndani ya mashine halisi.

PS3 ni habari nyingine. Prosesa yake, Cell, ina kiini kikuu cha gigahezi 3.2 na vitengo sita vya pembeni ambavyo gemu huvitumia, kila kimoja kikiwa na kumbukumbu yake ndogo. Emuleta yake, RPCS3, ni kazi ya kupigiwa mfano, lakini inahitaji prosesa ya kisasa yenye viini vingi na vyenye nguvu. Kwa desktop ya mtumba ya bei ya kawaida hakuna mpangilio utakaoifanya icheze PS3 kwa mwendo wa biashara. Faili la megabaiti mbili tatu linalotembezwa kwenye flashi likidai kuwa emuleta ya PS3 kwa kompyuta yoyote ni virusi hadi ithibitike vinginevyo.

Katika kuchagua kompyuta kwa ajili ya PS2, neno "Core i5" kwenye stika halitoshi. Prosesa za Intel zenye jina hilo zimetoka kwa vizazi vingi, na namba inayofuata ndiyo inayosema ukweli. Katika i5-4570 tarakimu ya mwanzo, 4, ni kizazi cha nne: gigahezi 3.2, viini vinne, na kadi ya picha ya ndani iitwayo HD 4600. Hiyo humudu sehemu kubwa ya gemu za PS2 kwa ukubwa wa picha wa asili. Herufi iliyo mwishoni nayo isomwe. U, kama kwenye i5-4300U, ni prosesa ya laptop iliyobanwa ili itumie wati 15 tu, na haitoi nguvu ya ndugu yake wa desktop ingawa jina la ukoo ni moja. Stika inaweza kubandikwa na yeyote. Kuandika msinfo32 kwenye kisanduku cha Run cha Windows huonyesha jina kamili la prosesa iliyomo, na muuzaji asiyekubali kompyuta iwashwe kwa kazi hiyo ya nusu dakika ameshatoa jibu.

Core 2 Duo bado zinauzwa, na bei yake inavuta. PCSX2 2.0, iliyotoka Julai 2024, inahitaji Windows 10 na kundi la amri liitwalo SSE4.1. E8400 inalo, zile za E6000 zilizotangulia hazina, na programu hiyo haitawaka juu yake kwa namna yoyote. Toleo la zamani, 1.6.0 la mwaka 2020, huwaka kwenye mashine hizo na kwenye Windows za nyuma, ila kuwaka si kucheza. Core 2 Duo ni kompyuta ya PlayStation ya kwanza, ya PSP, na ya PES ya kompyuta.

Ramu ya gigabaiti 8 inatosha, na namna ilivyopangwa ina maana kuliko wingi. Kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inaazima ramu ya kompyuta. Vipande viwili vya gigabaiti 4 hufungua njia mbili za kusafirisha data, kipande kimoja cha 8 hufungua moja, na tofauti huonekana kwenye picha bila kuongeza shilingi. Anayenunua kadi ya picha kwa ajili ya yale makasha membamba ya ofisini apime kimo chake kwanza, maana kadi ya kawaida haiingii. GT 1030 huingia ikiwa ya kimo kifupi, na hutumia umeme mdogo kiasi cha kutohitaji waya wa ziada. Iwe ile ya kumbukumbu ya GDDR5, kwa sababu kuna nyingine ya jina hilohilo yenye DDR4 ambayo ni dhaifu zaidi. SSD huharakisha kuwaka kwa Windows na si gemu ya PS2, ambayo iliandikwa kwa ajili ya deki ya DVD inayosoma megabaiti tano hivi kwa sekunde. Hata diski ngumu kongwe humudu hilo.

Gemu ikisuasua, jambo la kwanza ni kujua nani anachelewa. PCSX2 inaweza kuonyesha juu ya skrini asilimia ya kazi ya kila fungu: EE kwa prosesa kuu, GS kwa uchoraji, na VU pale inapojitegemea. Mfano wa karibu ni marudio ya goli: kamera inazunguka, nyavu zinatikisika, mashabiki wanaonekana kwa wingi, na mwendo unaanguka kutoka 50 hadi 38. Ikiwa wakati huo EE imegonga karibu 100 na GS iko chini, kupunguza ukubwa wa picha hakutasaidia chochote. Mzigo uko kwenye prosesa, na dawa ni kuiruhusu VU1 ijitegemee, kisha kupunguza kidogo mwendo wa EE inayoigizwa. Ikiwa kadi ya picha ndiyo iliyojaa, ukubwa wa picha urudishwe kwenye wa asili. Ikiwa hakuna kilichojaa na bado inasuasua, huenda Windows imeachwa kwenye hali ya kubana umeme, au prosesa imepata joto na kujipunguza yenyewe. Kubadili mipangilio kumi kwa mpigo ni kujinyima nafasi ya kujua ipi ilisaidia. Kuna pia mpangilio wa kuruka picha, ambao hutoa namba nzuri na mchezo mbaya. Kwenye mpira haufai.

Mafaili ya gemu na baiosi yana upande wa sheria. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliona kuwa kuchunguza baiosi ya PlayStation ili kuandika emuleta ni matumizi halali. Emuleta yenyewe, basi, si tatizo. Kazi ya mwenye gemu kunakiliwa na kusambazwa bila ruhusa ni jambo lingine, na nchini Tanzania kazi hiyo hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Njia iliyo safi kuliko zote ni ya mwenye PS2 yake na diski zake: baiosi ya megabaiti 4 inatolewa kwenye mashine hiyo kwa programu maalumu, na diski zinasomwa kwenye deki ya kompyuta na kuhifadhiwa kama faili la ISO la hadi gigabaiti 4.7, au 8.5 kwa zile za tabaka mbili. Faili hilo linaweza kubanwa kuwa CHD, ambalo PCSX2 inalisoma bila kulifungua kwanza. Njia hii ina faida ya kifundi pia. Diski inayokwama katikati ya usomaji imejitaja kuwa mbovu kabla haijamharibia mteja mechi, na baiosi iliyotolewa kwenye mashine ya mtu mwenyewe haina mkia wa virusi.

Upande wa skrini, picha 50 za PAL zikiwekwa kwenye skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde, picha moja kati ya kila tano hulazimika kuonyeshwa mara mbili. Jicho huliona hilo kama mtikisiko mdogo wakati kamera inapofuata mpira, na watu huilaumu kompyuta ingawa mwendo ni kamili. Televisheni nyingi zinazouzwa nchini hukubali hezi 50 kupitia waya wa HDMI; kubadili hapo huondoa mtikisiko papo hapo. Televisheni bapa pia huchelewesha picha ikiipamba, jambo ambalo kichogo haikulifanya, na mchezaji mzoefu hulihisi kama padi nzito. Karibu kila televisheni ina hali ya gemu kwenye menyu ya picha, inayoacha kupamba na kupunguza kuchelewa huko.

Padi za bei rahisi za USB hutofautiana sana. Vifimbo vyake hubaki vimeegemea upande hata visiposhikwa, na mchezaji hutembea peke yake uwanjani. Emuleta ina mahali pa kuweka eneo mfu la katikati ili kulizima hilo. Padi mbili za aina moja hubadilishana namba kompyuta inapozimwa na kuwashwa, hasa zikichomekwa kwenye matundu tofauti na ya jana. Kuweka alama ya rangi kwenye tundu na kwenye waya kunamaliza ugomvi wa nani ni mchezaji wa kwanza. Aliyezoea DualShock 2 ya PS2 anaweza kuendelea nayo kwa kibadilishio cha USB, na kwa vibanda ndiyo njia ya nafuu, kwa kuwa padi tayari zipo.

Kando ya ziwa kuna adui ambaye vitabu vya emuleta havimtaji. Wadudu wadogo wa ziwani huja kama wingu la moshi, hufuata taa jioni, na kufa kwa maelfu palipo na mwanga. Kompyuta iliyo kibandani chini ya taa huwavuta ndani kwa feni yake. Wakichanganyika na vumbi la barabara hutengeneza zulia kwenye mapezi ya kupoza prosesa. Joto likipanda prosesa hujipunguza mwendo ili isiungue, na gemu iliyochezeka vizuri mwezi uliopita huanza kusuasua bila mpangilio wowote kuguswa. Kufungua kasha, kupuliza mapezi na kubadili gundi ya joto iliyokauka hurudisha mwendo ambao mtu alikaribia kuununulia kompyuta nyingine. Kasha likae juu ya meza badala ya sakafuni, na taa iwe mbali na upande wa feni inayovuta.

Umeme ndio wa mwisho, na ndio wenye hasara kubwa. PS2 iliyokatikiwa umeme hupoteza mechi iliyokuwa ikichezwa. Kompyuta iliyokatikiwa wakati inaandika inaweza kupoteza kadi nzima ya kumbukumbu, kwa kuwa kadi ya megabaiti 8 ya kibanda kizima ni faili moja tu ndani ya folda ya PCSX2, yenye ligi za watu wote. UPS ndogo inayotoa dakika tano inatosha kuzima kwa utaratibu. Laptop ina betri yake, ikiwa haijafa. Kuna pia hifadhi ya papo hapo, inayopiga picha ya hali nzima ya mashine kwa kitufe kimoja, lakini hiyo imefungwa na toleo la emuleta lililoiandika na huweza kukataa kufunguka programu ikisasishwa. Ligi ihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, ndani ya gemu yenyewe, na folda hiyo ya kadi inakiliwe kwenye flashi kila jioni kabla ya kufunga.